Nafaka ya Juu na Nafaka ya Chini: Tununuapo Televisheni



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Baada ya darsa ya akina mama alitujia mama mmoja akiwa na dukuduku. Alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo, akatia na akiba ya vitumbua anavyouza alfajiri, akaenda dukani kununua televisheni ya inchi 43. Kwa nduguye alikuwa ameona televisheni ya OLED, ambayo weusi wake ni kama usiku usio na mwezi, na moyo wake ukaipenda. Muuzaji akamwonyesha iliyoandikwa QLED, akamwambia: “Hii ndiyo hiyo hiyo, mama, herufi moja tu imegeuzwa.” Akalipa shilingi 15,000 zaidi ya bei ya televisheni ya kawaida iliyokuwa kando yake. Usiku, taa zilipozimwa, akaona pale palipotakiwa kuwa peusi pana rangi ya jivu. Akatuuliza: “Sheikh, nimedhulumiwa? Na je, naweza kuirudisha?”

Wasomaji wetu watukufu, hukumu ya kitu hufuata kukifahamu. Kwa hivyo, na tuanze kwa kukifahamu chombo chenyewe.

Televisheni za LCD ni mfano wa dirisha la vibao katika nyumba zetu za zamani. Nyuma ya kioo mna taa zinazowaka, na mbele yake mna vibao vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, vinavyofunguka na kufungika ili kupitisha au kuzuia mwanga. Na kila ajuaye dirisha la vibao ajua kwamba hata ulifunge vipi, jua hupenya kidogo. Ndiyo sababu weusi wa televisheni hizi una ujivujivu, hasa chumbani mwa giza.

Hapo mwanzo, taa za nyuma zilikuwa mirija myembamba, jamii ya taa ndefu za dukani. Baadaye zikaja taa ndogo za LED, zinazokula umeme kidogo na kuruhusu televisheni kuwa nyembamba. Kwa hivyo inayoitwa LED sokoni ni LCD ile ile iliyobadilishwa taa. QLED nayo ni LCD yenye taa za LED, ila imeongezwa utando wa chembe ndogo mno zinazosafisha rangi, ili wekundu uwe wekundu hasa na ukijani uwe ukijani hasa. Na ile ya Mini-LED taa zake za nyuma ni ndogo zaidi na nyingi zaidi, zimegawanywa mafungu, fungu moja laweza kufifia na jingine likang’ara. Hizi zote ni watoto wa mama mmoja.

OLED ni ukoo mwingine. Haina taa ya nyuma wala vibao. Kila nukta ya kioo ni kandili yake yenyewe, na panapotakiwa giza, kandili huzimwa kabisa. Ndipo weusi wake ukawa weusi wa kweli, na picha yake haififii hata ukiitazama kutoka ubavuni. Basi tofauti ya QLED na OLED si ya herufi, ni ya asili.

Hata hivyo, kilicho ghali si lazima kikufae. OLED aghalabu haina mwanga mkali kama LCD zilizo bora, na sebule zetu nyingi za pwani madirisha yake huwa wazi mchana kutwa. Tena nukta zake huchoka kwa matumizi. Picha isiyosogea, kama nembo ya kituo, ikikaa pahala pamoja saa nyingi kila siku kwa muda mrefu, yaweza kuacha alama isiyofutika. Nasi twajua majumba ambamo matangazo ya moja kwa moja kutoka Makka huachwa wazi tangu asubuhi hadi Isha, na nembo iko pembeni haibanduki. Nyumba kama hiyo LCD yaifaa zaidi.

Sasa turudi kwa suala la mama yetu. Sote twakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni penye rundo la chakula. Alitia mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua, naye Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu ile iliyoloa, watu wakaiona. Kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Nafaka kavu juu na mbichi chini. Jina lililo juu ya boksi ni nafaka ya juu, na wajibu wa muuzaji ni kumjulisha mnunuzi iliyo chini.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wamesema kwamba kitu kikiuzwa kwa sharti la sifa fulani, kisha sifa hiyo ikakosekana, mnunuzi ana khiyari ya kukirudisha na kupewa thamani yake. Lakini asikawie; akishajua, aharakishe, kwani kukawia bila ya udhuru hupoteza haki hiyo. Tulimwambia mama aende siku ile ile, afuatane na nduguye, na azungumze kwa upole.

Kijana wa dukani, alivyotusimulia, hakubisha. Alisema alikuwa akirudia aliyoyasikia kwa wenziwe, wala hakujua. Twamdhania kheri. Lakini kutojua kwa muuzaji hakuiondoi haki ya mnunuzi, na mwenye kukaa sokoni imemlazimu kuijua bidhaa yake kabla ya kuisifu. Aliipokea televisheni, akarudisha fedha zote. Mama akatua, akaifikiria sebule yake yenye jua, watoto wake, na vituo wanavyovitazama, akachukua ile LED ya kawaida. Shilingi 15,000 zilizosalia zikanunua kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka, na nyingine zikalipa ada ya madrasa.

Kwa mama zetu na dada zetu wanaojiandaa kununua, twausia haya.

Kwanza, jua kuwa televisheni za dukani mara nyingi huwekwa katika hali ya maonyesho, mwanga na rangi vikapandishwa hadi mwisho. Mwambie muuzaji aiweke katika hali ya nyumbani, kisha uitazame upya. Omba picha ya giza uone weusi wake, na picha nyeupe tupu uone kama kuna nukta iliyokufa. Sogea ubavuni, kwani sebuleni si wote wakaao katikati.

Pili, inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Inchi 43 ni kama sentimita 109. Pima ukuta wako kabla ya kutoka nyumbani.

Tatu, 4K ni nukta 3840 kwa 2160, mara nne ya Full HD iliyo na 1920 kwa 1080. Lakini kwa kioo cha inchi 32 kitazamwacho kutoka mita mbili na zaidi, jicho halipati faida kubwa.

Nne, tangu matangazo ya analogi yalipozimwa nchini mwaka 2015, vituo vya bure hunaswa kwa mfumo wa DVB-T2. Televisheni iliyo na mfumo huo ndani yake haihitaji king’amuzi kwa vituo hivyo.

Tano, sheria yatupa nafasi ya kuweka sharti la khiyari hadi siku tatu, wauzaji wakiridhia. Liseme sharti hilo kabla ya kulipa, na sifa ya bidhaa iandikwe kwenye risiti.

Fedha ya mchezo ni jasho la wanawake wengi lililokusanywa katika kiganja kimoja. Haifai ipotee kwa herufi moja. Tutie mkono ndani ya rundo kabla ya kufungua mkoba, na watoto wetu walio madukani tuwafunze kuonyesha nafaka ya chini kabla hawajaulizwa.

Wallahu a’alam, wabillahi tawfiq.