Mguu usiouma ndio wa kuogopwa

MDHARAU mwiba mguu huota tende, walisema wahenga. Kwa mgonjwa wa kisukari maneno haya si methali tu. Mwiba, msumari au kijiwe kilichoingia kiatuni chaweza kumpotezea mguu, na la ajabu ni kwamba mwenyewe huenda asihisi maumivu yoyote.

Wengi wetu tumezoea kuupima ugonjwa kwa maumivu. Kisichouma hatukijali. Ndiyo maana mzee akiambiwa ana kidonda chini ya unyayo hujibu, "Si neno, hakiniumi." Mpenzi msomaji, hapo ndipo penye hatari.

Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu inayofika miguuni. Mwanzoni mgonjwa huhisi nyayo zikiwaka moto au zikichomwachomwa kama kwa sindano, aghalabu wakati wa usiku. Baadaye ganzi huingia. Sukari hiyo hiyo huchangia kuziba mishipa ya damu, na kidonda kikakosa damu ya kutosha ya kukiponya. Viini vya maradhi vikipata nafasi, donda hupenya hadi mfupani, nyama huoza, na daktari hana budi kuukata mguu ili kuokoa maisha.

Katika kila miguu 100 inayokatwa kwa sababu ya kisukari, zaidi ya 80 ilianza kwa kidonda. Maana yake ni kwamba kidonda kikizuiwa, au kikitibiwa mapema, miguu mingi ingebaki na wenyewe.

Hapa mijini makanisa, misikiti, vyama vya akina mama na wahisani wengine huandaa kliniki za bure mwishoni mwa wiki. Watu hupiga foleni, hutobolewa kidole, hupimwa shinikizo la damu, huandikiwa tarakimu kwenye karatasi na kwenda zao. Ni kazi njema. Lakini mara nyingi mgonjwa huja na viatu na kurudi nyumbani bila kuvivua. Mnamo Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na katika mikoba yao mliwekwa mashine ya kupima sukari. Hilo nalo ni jema. Hata hivyo, mashine ya sukari haiwezi kuona kidonda kilichojificha ndani ya soksi.

Tuna la kujifunza kutoka kwa jirani zetu wa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi ulioitwa Step by Step ulianzishwa huko na nchini India kwa msaada wa wakfu wa World Diabetes Foundation kutoka Denmark. Kule Tanzania uliongozwa na Dkt Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Madaktari na wauguzi kutoka hospitali za mikoani walifunzwa kuikagua miguu, kusafisha vidonda, kukwangua sugu na kuwaelimisha wagonjwa pamoja na jamaa zao, kisha wakarudi makwao kuwafunza wenzao. Ripoti iliyochapishwa mwaka wa 2011 ilieleza kuwa matibabu ya vidonda yaliboreka na ukataji wa miguu ukapungua.

Madaktari hao wa Dar es Salaam waliandika jambo jingine mwaka wa 2005. Walipata wagonjwa wa kisukari ambao waliumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala, wala hawakuamka. Ganzi hufikia kiasi hicho.

Kliniki ya miguu haihitaji mitambo ya mamilioni. Inahitaji kiti, beseni la maji, taulo safi, taa, mkasi wa kucha, na muuguzi aliyefunzwa ambaye haoni haya kupiga magoti mbele ya mzee. Kwa hivyo, wewe ambaye kanisa lako, msikiti wako au chama chako kinapanga kliniki ya bure, omba iongezwe meza moja tu: ya miguu. Na yeyote atakayeonekana ana ganzi, sugu au kidonda apewe barua ya kwenda hospitalini, kisha afuatwe hadi ijulikane amefika.

Nyumbani nako mnaweza kuanza leo. Kuna kipimo rahisi kilichobuniwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa hulala au huketi na kufumba macho. Mguse polepole, kwa ncha ya kidole chako, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na cha mwisho. Fanya hivyo miguu yote miwili. Usibonyeze wala usirudie. Kila anapohisi aseme. Akikosa kuhisi mahali pawili au zaidi kati ya hapo pote sita, ganzi imeingia na anafaa kumwona daktari, hata kama hana kidonda.

Zaidi ya hapo, mgonjwa wa kisukari ayazingatie haya:

Akague miguu kila siku, juu, chini na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo au aangaliwe na mtu.

Aoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, kisha akaushe vizuri katikati ya vidole. Mafuta apake nyayo na visigino, si katikati ya vidole.

Asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa kiatu akipapase ndani kwa mkono.

Asikate sugu kwa wembe, wala asiote miguu kwenye jiko la makaa wakati wa baridi ya Julai. Wengi wameungua hivyo bila kujua.

Akipata kidonda, kioshwe kwa maji safi, kifunikwe kwa kitambaa safi, na aende kliniki siku hiyo hiyo. Asipake majivu wala dawa ya meno. Mguu ukivimba, ukiwa mwekundu na moto, ukitoa harufu au kuanza kuwa mweusi, asingoje hata usiku mmoja.

Bila shaka kuna wasomaji watakaosema kwamba mila haziruhusu. Katika jamii zetu nyingi si rahisi mke wa mtoto kumshika baba mkwe miguu, na wazee wengine huona aibu hata mbele ya watoto wao. Lakini mjukuu hana mwiko na babu yake. Hao wawili ni watani. Nyinyi mlio shuleni na vyuoni, mkienda likizo kwa nyanya au babu aliye na kisukari, mwombeni avue viatu, mleteeni maji, na mwangalie kila kidole huku mkipiga soga. Kazi hiyo haichukui dakika kumi. Mkiona doa, lengelenge au ufa, semeni siku hiyo hiyo kwa mtu mzima atakayempeleka hospitalini, hata kama mzee mwenyewe anashikilia kwamba hahisi kitu.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia jinsi ya kumchagulia mgonjwa wa kisukari viatu vinavyofaa.