Kanuni Isibaki Kitabuni

Wapo wananchi, na baadhi yao ni wasomi, wanaoamini kwamba muziki una pande mbili tu: ule wa ngoma, ambao ni wetu, na ule wa ala za nyuzi na nota, ambao ni wa wageni. Dhana hiyo ni masalia ya kasumba ya kikoloni. Vijana wa Zanzibar wa kundi la Siti and the Band wameikanusha kwa vitendo. Katika albamu yao ya Fusing the Roots, iliyotoka mwaka 2018, udi wa Siti Amina, fidla ya Rahma Ameir na kanuni ya Gora Mohamed vinakutana na mapigo ya jazi, fanki na rege, na juu ya vyote hivyo inatawala lugha yetu ya Kiswahili.

Wako wazee wanaonung'unika kwamba mchanganyiko huo unaiharibu taarab. Heshima yao tunaitunza, lakini historia haiwaungi mkono. Mapokeo ya Zanzibar yanasema kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Muziki huo ulikuwa wa jumba la kifalme na uliimbwa Kiarabu. Aliyeutoa jumbani na kuufikisha kwa makabwela ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye aliuimba kwa Kiswahili na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Nao watu wa kawaida waliichukua fidla ya Ulaya, wakaiweka pamoja na vingoma viwili vidogo na besi ya sanduku la mbao, wakapata kidumbak. Basi anayelaumu vijana kwa kuchanganya, na atueleze ni lini taarab haikuchanganywa.

Hatari inayoikabili taarab iko kwingine. Tangu miaka ya 1990 kinanda cha umeme kimeshika nafasi ya kanuni, nai na safu nzima ya fidla katika vikundi vingi. Kinanda ni rahisi kubeba, na mtu mmoja hutosha kukipiga. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zikiwa zimepangwa tatu tatu, na kuitengeneza sauti tu ni elimu. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kusikiliza redio. Hupatikana kwa mwalimu kukaa na mwanafunzi miaka kadhaa.

Vijana tuliowataja hawakuota kama uyoga. Walipitia Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, ambacho kwa miaka mingi kilifundishia katika jengo la Forodha Kongwe, Mji Mkongwe. Humo wapigaji wazoefu walifundisha watoto wa kike na wa kiume, na msichana akashika udi bila kuombewa radhi. Lakini mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba huenda kikafunga milango, kwa sababu misaada ya wafadhili ilikuwa imepungua.

Hapo ndipo penye aibu yetu. Mwaka 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likatufundisha kujitegemea. Iweje basi roho ya taifa itegemee hundi kutoka ubalozi wa nchi nyingine? Taifa linaloomba msaada ili lifundishe muziki wake lenyewe halijamaliza kazi ya ukombozi.

Zipo hatua tunazoweza kuzichukua bila kungoja mfadhili. Walimu wengi wanaufahamu Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert, na wamewasomesha wanafunzi sifa za mwimbaji huyo. Lakini ni wanafunzi wangapi waliowahi kuiona kanuni kwa macho yao? Mwalimu wa Kiswahili na amwalike mpigaji wa udi darasani japo mara moja kwa mwaka. Wakuu wa shule wanaotenga fedha za mipira na jezi, na watenge pia za fidla moja. Wenye mamlaka ya ajira watafute njia ya kuwatumia wazee mafundi kama walimu wa muda, hata kama hawana vyeti, kwani wakifa kabla ya kufundisha hatutakuwa na wa kumtahini.

Watumishi wa serikali nao wana sehemu yao. Sherehe za ofisi zetu haziishi burudani. Mkandarasi wa viti na mahema hulipwa kwa hati, ilhali wanamuziki huambiwa wamelitumikia taifa, wakarudi makwao na nauli na soda. Anayependa utamaduni kwa dhati humlipa fundi wake.

Watasema nchi bado ina upungufu wa madawati na dawa, na ni kweli. Hakuna anayedai kanuni inunuliwe kwa fedha za dawa. Tunadai kwamba muziki uhesabiwe kuwa ni elimu na ni kazi, uwe na fungu lake, hata likiwa dogo, nasi tuliheshimu fungu hilo kila mwaka. Bagamoyo taifa liliweza: Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981 kiliendelezwa na mwaka 2007 kikawa taasisi ya umma. Lililowezekana kwa ngoma na maigizo linawezekana kwa kanuni na udi. Wapigaji tunao na walimu tunao, na wanafunzi wako katika shule zetu wenyewe.