Aya Zilizomo Nyasini

Majuma machache yaliyopita niliwatoa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili nje ya ukumbi wa mihadhara, nikawapeleka kwenye kiwanja kilicho nyuma ya jengo letu, mahali ambapo mtunza bustani hajafika tangu mvua zianze. Tulikuwa tukijadili utungaji wa kamusi, na nilitaka kila mmoja aniandikie, kwa lugha yoyote aijuayo, majina ya mimea mitano iliyokuwa chini ya nyayo zake. Nusu saa baadaye nilikusanya karatasi. Neno "nyasi" lilijitokeza karibu katika kila karatasi, "gugu" likafuata, na wapo walioandika "majani" mara mbili, kana kwamba kurudia kungeongeza idadi. Hawa ni vijana werevu ambao wanaweza kukuchambulia kitenzi cha Kibantu hadi mofimu ya mwisho.

Sikuwacheka, maana mimi mwenyewe niliijua mitatu tu.

Nilirejea ofisini nikimfikiria mwanamke mmoja Mwingereza aliyefariki Algiers mwaka 1928. Lilias Trotter alizaliwa London mwaka 1853 katika jamaa yenye nafasi. Mwaka 1876, walipokuwa Venice, mama yake alimpelekea John Ruskin, mhakiki wa sanaa aliyesikizwa mno Uingereza wakati huo, picha chache za rangi za maji alizozichora bintiye. Ruskin hakuwa akiamini kwamba mwanamke anaweza kuchora. Alizitazama, akabadili kauli, akamfanya binti yule mwanafunzi wake. Miaka michache baadaye alimwahidi kwamba, iwapo angejitoa kwa sanaa peke yake, angekuwa miongoni mwa wachoraji wakuu wa zama zao. Trotter alikataa. Alichagua kuwahudumia wanawake fukara wa London, na mwezi Machi 1888 akashuka bandarini Algiers na wenzake wawili, afya yake ikiwa dhaifu, bila shirika la kumtuma, na bila kujua hata sentensi moja ya Kiarabu. Alikaa huko miaka arobaini.

Wanaosimulia habari zake aghalabu huishia hapo. Wapenzi wa sanaa husikitika kwamba kipawa kilipotea jangwani. Wacha Mungu hushangilia kwamba kilitolewa sadaka. Naona pande zote mbili zimekosea, kwa kuwa mwanamke huyu hakuacha kuchora. Daftari zake zimejaa picha ndogo ndogo za rangi za maji: mchanga wa jangwa wakati jua linapotua, mashina ya mimea, nyuki, watoto wa mitaani, ua moja lililochipuka mahali pasipotarajiwa. Alichokikataa ni kuchora kwa ajili ya jina.

Tena rangi ya maji ni bwana mkali. Mchoraji wa rangi za mafuta akikosea hufunika kosa kwa tabaka jingine. Rangi ya maji haifichi kitu. Weupe wake kwa kawaida haumo kwenye brashi bali ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa, kwa hiyo mchoraji hulazimika kuamua kabla ya kuanza ni wapi mwanga utakapokaa. Akikawia, maji yamekauka. Akiharakisha, rangi mbili zimeingiliana na kuwa tope. Chombo cha namna hii humlazimisha mtu kutazama kwanza, tena kutazama sana, ndipo mkono ufuate.

Siandiki haya kuitetea kazi ya umisheni. Trotter aliingia katika nchi ya Waislamu ambayo Wafaransa walikuwa wameivamia tangu mwaka 1830, na nina maswali yangu juu ya injili iliyofuata nyayo za bunduki. Lakini haki itendeke: alijifunza Kiarabu cha mitaani, cha wanawake majumbani mwao, akakiandika katika vijitabu vyake wakati ambapo wasomi wengi walikidharau. Mwanaisimu hawezi kulipita jambo hilo kimya.

Linalonivutia zaidi ni namna alivyoisoma imani yake katika vitu visivyo na bei. Katika kitabu chake kiitwacho Parables of the Cross limo ua la manjano linaloota kila pembe ya Ulaya, kwenye malisho na kando ya njia, ambalo wakulima wa bustani hulilaani na kuling'oa. Trotter hakulichora katika fahari yake. Alilichora likiwa limekwisha kupoteza manjano yote, limebaki kichwa cha nyuzi nyeupe zinazongoja upepo uzichukue pamoja na mbegu. Kwake huko ndiko kufa kunakozaa uhai.

Ua hilo halina jina la Kiswahili linalojulikana sana, na nilipoanza kuandika makala haya nilikwama hapo. Kisha nikakumbuka kwamba lina ndugu yake kwetu Pwani. Ni mchunga, ile mboga chungu inayojiotea shambani bila kupandwa na mtu, yenye ua la manjano na mbegu zenye nyuzi nyeupe. Wataalamu wa mimea huiweka katika ukoo mmoja na ua la Trotter. Nyanya yangu alinituma kuichuma kila msimu wa mvua. "Usiniletee majani tu, mjukuu wangu," alikuwa akiniambia, "niletee mchunga." Nikikosea alikuwa akinirudisha shambani, na kwa kurudi ndivyo nilivyojifunza kutazama ukingo wa jani, utomvu mweupe, jinsi shina linavyosimama. Nilipoichora mchunga pambizoni mwa daftari la hesabu, mwalimu wangu mmoja aliuchana ukurasa mbele ya darasa.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anivumilie kidogo niingie kwenye taaluma yangu. Tunalo neno "aya". Katika matumizi ya leo aya ni kifungu cha maandiko matakatifu, na kwa mwanafunzi wa shule ni sehemu ya insha. Katika Kiarabu, neno hilo pia ni ishara. Kurani yenyewe huziita aya mabadiliko ya usiku na mchana, mvua inayoihuisha ardhi iliyokufa, na tofauti za lugha na rangi za watu. Tulipolikopa neno hili tulichukua maana iliyomo kitabuni, tukaiacha nyuma ile iliyomo shambani. Wanawake wa Algiers aliozungumza nao Trotter hawakuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba jani ni ishara. Lugha yao ilikuwa imekwisha kuwaambia. Nadhani hapo yeye na wao walikuwa karibu zaidi kuliko walivyokiri.

Hasara yetu haikuishia kwenye neno moja. Sisi tuliofanya mtihani wa darasa la nane katika miaka ya 1990 tulitahiniwa Sanaa na Ufundi. Baadaye somo hilo liliondolewa katika mtihani huo, na kilichoondolewa mtihanini nchini Kenya huondolewa pia darasani, hata kama ratiba ukutani inadai vinginevyo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeirudisha sanaa. Naufurahia uamuzi huo, ila nina hofu. Mtoto anaambiwa achore, naye ananakili katuni kutoka kwenye simu ya mzazi, kisha mzazi anaombwa anunue karatasi za rangi na gundi. Hakuna aliyemwambia atoke nje alitazame gugu moja kwa nusu saa, kisha amuulize mkubwa wake linaitwaje. Zoezi hilo halina gharama. Lingetupatia wachoraji na lingetupatia msamiati, na walimu wa dini nao, wa msikitini na wa kanisani, wangepata mahali pa kuanzia.

Kile kiwanja nyuma ya jengo letu kimetengwa kwa maegesho ya magari. Niliwaambia wanafunzi waifanye kazi yao upya kabla trekta halijafika, mara hii kwa kuwapigia simu jamaa zao. Kijana mmoja wa kutoka Kitui alileta majina saba, mawili kati yake hayamo katika kamusi yoyote iliyoko rafuni mwangu. Mmea wa nane ulimshinda. Mama yake alikataa kutaja jina kwa maelezo ya simu. Alimtaka alete jani lenyewe au alichore sawasawa, ampelekee picha. Kijana alilichora mara tatu.