Kopo la Mama halikuwa na aiskrimu

Juzi Mama alirudi kutoka dukani na kopo la vanila analonunua tangu tukiwa wadogo. Picha ni ile ile, rangi ni ile ile. Nikaligeuza. Neno aiskrimu halipo popote, imeandikwa "frozen dairy dessert".

"Sasa hii ni nini?"

Jamani, hata mimi niliyesomea hapa ilibidi nitafute.

Sheria ya Marekani inataka aiskrimu ya vanila iwe na angalau asilimia 10 ya mafuta ya maziwa, na galoni moja isipungue uzito wa ratili 4.5. Hiyo ya uzito ni kwa sababu ya hewa: ukiipiga hewa nyingi, kopo linajaa na maziwa ni machache. Kampuni ikishuka chini ya hapo inapoteza jina. Lakini haipotezi picha, wala nafasi yake kwenye friza, pale pale karibu na aiskrimu yenyewe.

Kuna wanaosema sheria hizi ni usumbufu tu. Mimi naona hazitoshi. Zinamlinda mtu anayegundua kwamba neno limetoweka, na nyie niambieni, wangapi mmewahi kugundua? Mama hasomi Kiingereza cha namna hiyo, anasoma picha. Asilimia ya mafuta ya maziwa iandikwe mbele, kwa tarakimu kubwa. Kumi anaijua.

Watoto walikula bila kujali. Mama alionja vijiko viwili, akaangalia bakuli: "Kumbe ndiyo maana siku hizi haiyeyuki."