Uswisi: Mali Iliyoganda Mlimani

Ukiulizwa utaje utajiri wa Uswisi, bila shaka utataja saa, chokoleti na mabenki. Lakini hizo ni kazi za binadamu. Je, ardhi yenyewe ina nini?

Mafuta haina. Bahari pia haina. Meli zake huteremka mto Rhine kutoka bandari ya Basel. Chumvi ipo. Zaidi ya nusu ya nchi ni milima ya Alps, na kilele cha Dufourspitze kina urefu wa mita 4,634. Nani atalima huko?

Hata hivyo, usiwaonee Waswisi huruma. Milima hiyo ndiyo shamba lao, na zao lake ni maji. Rhine huenda Bahari ya Kaskazini, Rhone huenda Mediterania, Inn huingia Danube hadi Bahari Nyeusi, nao Ticino hujiunga na Po huko Italia hadi Adria. Nchi moja ndogo, bahari nne!

Zaidi ya nusu ya umeme wao hutokana na maji. Katika jimbo la Valais kuna ukuta wa bwawa la Grande Dixence, uliokamilika mwaka wa 1961. Una urefu wa mita 285, yaani kama jumba la ghorofa zaidi ya 80, na huzuia maji mita za ujazo milioni 400. Maji hayo hutokana na theluji na barafu inayoyeyuka wakati wa joto.

Hapo ndipo penye wasiwasi. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, barafu za Uswisi zilipoteza sehemu moja kwa kumi ya ujazo wake. Penye barafu ya Rhone, watu huifunika kwa blanketi nyeupe ili isiyeyuke upesi. Umewahi kusikia mlima ukifunikwa blanketi kuukinga na joto?

Mnamo Mei 28, 2025, miamba na barafu viliporomoka na kukifunika karibu kijiji chote cha Blatten. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla, ingawa mtu mmoja alifariki.

Sasa wahandisi wanapanga kujenga bwawa jipya juu ya mji wa Zermatt, katika bonde ambalo zamani lilijaa barafu.