Noah ikigeuka chumba cha kulala Matema, alamu ipi inafaa?

Likizo ikifika, kuna familia nyingi zinazopakia sufuria, mchele na magodoro kwenye Noah na kushika barabara ya Ipinda kwenda Matema. Viti vya nyuma vikilazwa, watoto watatu wanapata kitanda na wazazi wanaokoa gharama ya chumba cha pili. Wageni wanaovuka Songwe pale Kasumulu na magari yao yenye jiko na vitanda hufanya hivyo hivyo, ila magari yao yalitengenezwa yalaliwe. Noah ni gari la kubebea watu, na alamu yake kwa kawaida hufungwa kwa kudhani kwamba usiku ndani hakuna mtu.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Alamu za kawaida zina swichi kwenye milango, tena zina sensa ya mtikisiko, ile inayolia gari likigongwa au kusukumwa. Nyingine zina na sensa ya mwendo ndani ya gari. Mtoto akijigeuza usingizini, sensa ya mwendo inamhesabu kuwa mwizi. Mvua ya Kyela, ambayo haijui kunyesha kidogo, ikipiga juu ya bati la gari, sensa ya mtikisiko nayo inapiga kelele. Ikilia mara tatu, baba anaamka kwa hasira na kuizima kabisa, na majirani nao wameshajifunza kutoamka. Kuanzia saa hiyo familia imelala kwenye gari lisilo na ulinzi wowote, huku ikiamini kwamba alamu ipo.

Kwa hiyo mzazi anayekwenda dukani asianze na swali la king'ora kinalia kwa sauti gani. Aulize kwanza: inaweza kulinda milango peke yake, sensa za ndani zikiwa zimezimwa, watu wakiwa wamelala? Aulize pia kama ukali wa sensa ya mtikisiko unaweza kupunguzwa. Alamu nyingi zina skrubu ndogo ya kazi hiyo, na fundi anaweza kuirekebisha kwa dakika chache. Muuzaji asiyejua jibu la swali la kwanza aachwe na alamu yake, hata kama bei ni nzuri.

La tatu ni kitufe cha dharura kwenye rimoti. Kwa familia iliyolala ndani ya gari kitufe hiki kina faida kuliko sensa zote: mama akisikia mtu anachezea kitasa, anabonyeza, king'ora kinalia na taa zinawaka, bila yeye kufungua mlango wala kushuka.

Mchana hali ni nyingine. Ufukweni mwizi hana haja ya kuvunja kioo ikiwa ufunguo na rimoti vimo kwenye suruali iliyoachwa mchangani wakati wote wako majini. Atabonyeza, alamu itanyamaza kwa adabu, naye ataondoka kama mwenye mali. Mtu mzima mmoja abaki nchi kavu na ufunguo mkononi, wazazi wapokezane. Kuuficha juu ya tairi si kuficha. Hapo ndipo mahali pa kwanza panapotazamwa.

Kuna tabia moja ya alamu ambayo wenye watoto wadogo wanapaswa kuijua kabla ya kulipa. Alamu nyingi, zikifunguliwa kwa rimoti na mlango usiguswe, hujifunga tena zenyewe baada ya nusu dakika hivi. Lengo lake ni zuri, lakini ipo mifano inayojifunga hata baada ya mlango kufunguliwa na kufungwa. Mzazi anamkalisha mtoto kitini, anatupa ufunguo kando yake, anafunga mlango ili azunguke upande wa dereva, na milango yote inajifunga. Ndani ya gari lililofungwa juani joto huweza kupanda kwa karibu nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10, na Kyela jua halihitaji msaada. Fundi aombwe aiondoe tabia hiyo. Ikishindikana, ufunguo usitoke mkononi hata kwa sekunde. Na ikitokea mtoto kafungiwa, kivunjwe kioo kilicho mbali naye; kioo kinanunuliwa.

Sasa yako mambo ya kuzima injini. Kinga nzuri kabisa ya gari kuibwa ni ile inayokata umeme wa stata, gari lisiwake bila rimoti. Umoja wa Ulaya ulilazimisha kila gari jipya dogo liwe na kinga ya namna hiyo tangu 1998, lakini gari lililotumika Japani lisidhaniwe kuwa nayo mpaka fundi alikague. Kinga hiyo ni tofauti na vifaa vya kufuatilia gari vinavyoweza kuzima injini kwa ujumbe wa simu hata gari likiwa linatembea. Injini ikizimwa kwenye mteremko wa kutoka Tukuyu, usukani unakuwa mzito na breki zinaanza kukosa nguvu baada ya kukanyagwa mara chache. Na simu ya baba mara nyingi iko mikononi mwa mtoto anayetafuta katuni. Kwa gari la familia, kifaa kizuie kuwaka tu.

Kifaa cha kufuatilia chenyewe kinafaa, mradi laini yake ina salio. Wengi huweka bando siku ya kufunga, kisha wanasahau. Kwa wakazi wa Kyela kuna jambo la ziada: mpaka uko karibu, na gari likivuka Songwe, laini isiyoruhusiwa kutumika nje ya nchi haitatuma chochote. Ulizeni kampuni ya simu kabla, si baada.

Kuhusu ufungaji, fundi umeme wa magari anayeunganisha nyaya kwa kusokota na kuzungushia utepe mweusi ataonekana hodari kwa miezi michache. Unyevu wa huku hula viungo hivyo. Nyaya zichomewe kwa risasi, fyuzi iwe karibu na betri, na mdomo wa king'ora utazame chini ili maji yasituame. Kingine kisichosahauliwa ni swichi ya siri ya kuizima alamu, ambayo mara nyingi fundi huificha chini ya dashibodi bila kumwonyesha mtu. Betri ya rimoti ikifa Matema usiku, bila swichi hiyo gari linabaki pale pale. Betri ya akiba ikae kwenye begi la dawa za watoto, maana hilo halisahauliki nyumbani.

Alamu nayo hula umeme wa gari. Inayovuta miliampia 20 inamaliza karibu nusu ya ampia-saa kwa siku. Betri nzima haitajali kwa wikendi mbili. Betri iliyochoka, tena watoto wamewasha redio na taa ya ndani jioni nzima, inaweza kugoma asubuhi.

Hata alamu nzuri haimkamati mtu. Familia iegeshe penye mlinzi au karibu na nyumba za watu, ijitambulishe kwa wenyeji kabla giza halijaingia, na 112 ya polisi iandikwe mahali ambapo hata mtoto mkubwa anaiona.

Wiki moja kabla ya safari, lazeni viti uani kwenu na watoto walale humo usiku mmoja, alamu ikiwa imewashwa. Kama italia, ni afadhali ilie hapo, majirani wanawafahamu na skrubu ya sensa ipo karibu. Watoto waonyeshwe kitufe cha dharura. Siku ya kwanza watakibonyeza kama honi, mtaa mzima utalalamika. Wakishakichoka, pakieni.