Ujira wa Sikio

Nina Peugeot 404 kuukuu, ya ukoo ule ulioshinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Miezi mitatu ilikuwa ikigonga kwa chini, ko-ko-ko, kila nipitapo penye mashimo. Fundi mmoja wa kwetu Mombasa alinishauri niishushe injini. Nilipokwenda Kisumu kumzuru mwanangu, nilikwenda na mlio wangu.

Karibu na soko la Kibuye nikampata fundi wa jua kali, mtu mzima. Hakugusa spana. Aliketi kando yangu akanambia, "Endesha, Mzee." Palipokuwa patupu akanitaka nizime injini, gari itambae yenyewe. Mlio ukabaki. "Basi injini haina kosa," akasema. Nikamkumbuka mwalimu wangu wa chuoni, aliyetusikiliza kwa kufumba macho. Herufi ikitoka pasipo mahali pake, alijua ni mdomo wa nani. Tuliporejea, fundi akaingia uvunguni: kijipira cha shokamzoba ya nyuma kilikuwa kimelika.

Kijipira chenyewe bei yake ndogo. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kubishana naye juu ya ujira. Ndivyo tulivyo: twalipa chuma, hatulipi sikio. Afunguaye kila kitu twamwita mchapakazi; asikilizaye kwanza twasema hakufanya kitu. Waislamu tumefundwa kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka. Je, ambaye maarifa yake yamemwepusha na jasho, hana haki?

Nililipa alichotaja. Gari ilirudi Mombasa kimya.